Jibu Limefika, Lakini Linasema Nini? Maombi na Majibu ya HTTP Katika Java

Ndugu waandishi wa programu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumzia jambo ambalo kila mmoja hapa ameshaliandika: msimbo wa Java unaotuma ombi la HTTP (lugha ya mazungumzo kati ya programu na seva za wavuti) na kupokea jibu. Ni mistari mitano tu, na ikijaribiwa kwenye mashine yako inakwenda. Shida ni kwamba mistari hiyo mitano ina kawaida ya kunyamaza inapoharibikiwa. Hairushi hitilafu wala haiandiki kitu kwenye logi, na wiki mbili baadaye unakuta faili lenye jina la ripoti ambalo ndani yake mna ukurasa wa HTML unaosema "404", yaani kilichoombwa hakikupatikana.

Hoja yetu ni moja. Jibu la HTTP huja kwa tabaka: kwanza muunganisho, kisha namba ya hali (kama 200 ya mafanikio au 500 ya kosa la seva), kisha heda (maelezo kuhusu jibu), mwisho mwili (data yenyewe). Kila tabaka linaweza kuwa zima huku linalofuata limeoza. Java inakupa kila tabaka peke yake na haikulazimishi kuliuliza. Kuuliza ni kazi yako.

Tuanze na chombo chenyewe. `HttpURLConnection` imekuwamo tangu JDK (kifurushi cha zana za Java) 1.1, na bado inafanya kazi katika mifumo mingi. `HttpClient` iliyo ndani ya `java.net.http` ilikuja kama jaribio katika Java 9 na ikawa rasmi katika Java 11, mwaka 2018. Kwa msimbo mpya tumieni hii ya pili, bila mjadala mrefu. Ila anayehama kutoka ya zamani kwenda mpya ajue kwamba tabia zimegeuka katika mambo mawili, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

La kwanza ni namba za hali. `HttpURLConnection` ikipata 404 au 500, ukiita `getInputStream()` inarusha `IOException` (kwa 404 huwa ni `FileNotFoundException`), na maelezo ya seva unayapata kwa `getErrorStream()`, ambayo nayo inaweza kuwa `null`. `HttpClient` hairushi chochote. Kwake 500 ni jibu kama majibu mengine, kwa sababu seva kweli imejibu. Aliyezoea kuitegemea `catch` iliyomshika mkono miaka yote, akihama bila kuongeza `statusCode()`, atachakata kurasa za makosa kana kwamba ni data.

La pili ni kuelekezwa kwingine. Ile ya zamani hufuata 301 na 302 (namba za "nenda anwani nyingine") yenyewe, isipokuwa pale anwani inapohama kutoka `http` kwenda `https`. Hapo husimama na kukupa ile 301 yenyewe. Hii mpya haifuati kabisa usipoiambia: chaguo lake la msingi ni `Redirect.NEVER`. Wekeni `Redirect.NORMAL`, ambayo inafuata kote ila inakataa kushuka kutoka `https` kwenda `http`. `ALWAYS` hukubali hata kushuka huko, na sioni sababu nzuri ya kuitumia. Kumbukeni pia kwamba 301 na 302 kwa desturi hugeuza POST (ombi la kutuma data) kuwa GET (ombi la kusoma tu), na mwili ukaachwa njiani. Seva inayotaka POST ibaki POST hutuma 307 au 308.

Huu hapa msimbo uliokuwa kwenye skrini. Tutaurudia mara kadhaa.

```java
static final HttpClient KLAYENTI = HttpClient.newBuilder()
    .connectTimeout(Duration.ofSeconds(5))
    .followRedirects(HttpClient.Redirect.NORMAL)
    .build();

HttpRequest ombi = HttpRequest.newBuilder(URI.create(anwani))
    .timeout(Duration.ofSeconds(20))
    .header("Accept", "application/json")
    .GET()
    .build();

HttpResponse<InputStream> jibu =
    KLAYENTI.send(ombi, BodyHandlers.ofInputStream());

try (InputStream mwili = jibu.body()) {
    byte[] baiti = mwili.readNBytes(KIKOMO + 1);
    if (baiti.length > KIKOMO)
        throw new IOException("Mwili umepita kikomo");
    if (jibu.statusCode() != 200)
        throw new JibuBaya(jibu.statusCode(), baiti);
    // sasa angalia Content-Type, kisha soma JSON
}
```

Tazameni neno `static final`. `HttpClient` haibadiliki ikishajengwa na ni salama kwa thredi (nyuzi za kazi zinazoendeshwa sambamba) nyingi, kwa hiyo jengeni moja na muitumie programu nzima. Kila mpya inakuja na thredi yake ya kusimamia mtandao na akiba yake ya miunganisho. Anayejenga mpya ndani ya kila wito analipa upya gharama ya TCP na TLS (kufungua muunganisho na kuulinda) kila mara, na mzigo ukipanda mashine inajaa thredi ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Tangu Java 21 klasi hii ina `close()`, lakini hiyo ni ya wakati programu inafungwa. Kuifunga baada ya kila ombi kunakurudisha palepale.

Sasa muda wa kusubiri. Hapa nitakaa kidogo.

Chaguo la msingi la Java, kwa zana zote mbili, ni kusubiri bila ukomo. Katika `HttpURLConnection` thamani ya `connectTimeout` na ya `readTimeout` ni 0, na 0 maana yake milele. Katika `HttpClient`, usipoweka chochote hakuna ukomo. Seva moja ya mbali ikiganda, thredi zako zinaisha moja baada ya nyingine mpaka huduma yako nzima inaonekana imekufa, na wewe unatafuta kosa ndani ya msimbo wako wakati kosa liko kwa jirani.

Kwa hiyo tunaweka muda mara mbili, kama mlivyoona: mmoja wa kuunganisha, mwingine wa ombi zima. Lakini hilo "zima" lina tundu. Katika Java 11, 17 na 21, ule muda wa `timeout()` hulinda mpaka heda za jibu zifike. Heda zikishafika saa imesimama. Seva ikituma heda haraka, kisha ikatiririsha mwili baiti moja kila dakika, hakuna kitakachokushtua. Dawa ni kutumia `sendAsync` pamoja na kipokezi kinachosoma mwili wote, kama `BodyHandlers.ofByteArray()`, kisha kusubiri matokeo kwa `get(30, TimeUnit.SECONDS)`; muda ukiisha, ifute ile `CompletableFuture` (ahadi ya jibu linalokuja) kwa `cancel(true)`. Ukitumia `ofInputStream()` hapo hujajilinda, kwa sababu `future` inakamilika mara heda zinapofika na mwili unabaki kusomwa nje ya saa yako. Kipokezi kinachosoma kila kitu nacho hakina kikomo cha ukubwa, kwa hiyo kwa seva usiyoiamini itabidi usome mkondo mwenyewe ukihesabu baiti na sekunde pamoja.

Na muda ukiisha, umejua nini? Hili ndilo swali ambalo watu hulijibu vibaya kuliko yote katika somo hili. Ukiisha muda hukujua kwamba seva imeshindwa. Umejua tu kwamba hukusikia. Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika, malipo yakakatwa, na jibu likapotea likirudi. Java kwa bahati nzuri inakusaidia kutofautisha kiasi: `HttpConnectTimeoutException` na `ConnectException` zinasema muunganisho haukupatikana, yaani ombi halikutoka, na hapo hata POST unaweza kuituma tena. `HttpTimeoutException` ya kawaida, au `IOException` iliyotokea katikati, haisemi lolote kuhusu upande wa pili. `HttpConnectTimeoutException` ni mtoto wa `HttpTimeoutException`, kwa hiyo `catch` yake itangulie. Ukizipanga kinyume, kikusanyaji (compiler) kinakataa.

GET, HEAD, PUT na DELETE kwa kanuni za RFC 9110 zinaweza kurudiwa bila kubadilisha matokeo, mradi seva imeandikwa kwa kufuata kanuni hizo. POST haimo. `HttpClient` inaliheshimu hilo: ikijirudia yenyewe baada ya muunganisho kukatika, hurudia GET na HEAD tu. `HttpURLConnection` ina jambo ambalo kila anayeitumia kwa malipo anapaswa kulijua leo kabla hajalala. Seva isipotoa jibu halali, inaweza kuituma POST yako mara ya pili bila kukuambia. Swichi yake inaitwa `sun.net.http.retryPost`, na thamani yake ya msingi ni `true`. Anzisheni JVM na `-Dsun.net.http.retryPost=false`. Miamala miwili yenye kiasi kilekile, sekunde chache kati yake, na logi ya programu inaonyesha wito mmoja tu: mkiona picha hiyo, anzeni kupekua hapo.

Kwa POST ambayo ni lazima irudiwe, ombi libebe kitambulisho chake, mathalani UUID (namba ndefu isiyojirudia) inayotumwa katika heda ya `Idempotency-Key`, kama huduma nyingi za malipo zinavyotaka. Kitambulisho kitengenezwe mara moja kwa kila muamala na kihifadhiwe kabla ya jaribio la kwanza. Akitengeneza mpya ndani ya kitanzi cha kurudia, mtu huyo hajafanya chochote.

Marudio yenyewe yawe machache na yenye nafasi kati yake: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na nyongeza ndogo ya bahati nasibu ili klayenti mia zisigonge mlango kwa pamoja. Rudieni kwa 429, 502, 503 na 504, ambazo husema seva imezidiwa au haifikiki kwa sasa. Msirudie kwa 400, 401, 403 wala 422. Ombi lililo baya litabaki baya hata ukilituma mara kumi. Seva ikituma `Retry-After`, itii, na kumbuka kwamba heda hiyo ina sura mbili: idadi ya sekunde, au tarehe kamili. Msimbo unaoita `Integer.parseInt` bila kujiuliza utaanguka siku seva itakapotuma tarehe.

Kabla sijaacha mambo ya hitilafu: `send()` inarusha pia `InterruptedException`. Usiimeze. Iitie `Thread.currentThread().interrupt()` kisha utoke, la sivyo programu yako haitakubali kuzimwa kwa adabu.

Twende kwenye mwili wa jibu, tabaka linaloaminiwa kupita kiasi.

Namba ya hali ni 200. Vizuri. Je, kilichomo ni JSON, ule muundo wa maandishi wa kubebea data? Proksi (seva ya kupitishia maombi) iliyo katikati, au ukurasa wa kuingia wa mtandao wa Wi-Fi, unaweza kukupa 200 safi yenye HTML. Angalieni `jibu.headers().firstValue("Content-Type")`. Inarudisha `Optional`, na jina la heda halijali herufi kubwa wala ndogo, jambo lenye maana kwa kuwa HTTP/2 hutuma majina yote kwa herufi ndogo. Msilinganishe thamani kwa `equals("application/json")`, kwani mara nyingi inafuatwa na `; charset=utf-8`. Gaweni kwenye nukta mkato kwanza. Na kwa 204 hakuna mwili kabisa: `BodyHandlers.ofString()` itakupa mfuatano mtupu, na kisomaji cha JSON kitalalamika kuhusu kitu ambacho si kosa.

Kuhusu herufi, `ofString()` hufuata usimbaji uliotajwa kwenye `Content-Type`, na usipotajwa hutumia UTF-8. Hilo ni zuri. Anayesoma baiti mwenyewe asiite `new String(baiti)` bila kutaja `StandardCharsets.UTF_8`, kwa kuwa kabla ya Java 18 chaguo la msingi lilitegemea mfumo wa uendeshaji, na ndiyo maana programu ileile ilikuwa ikiandika alama za ajabu kwenye mashine moja na si kwenye nyingine. Wala asisome mkondo kwa kuuliza `available()`. Methodi hiyo inasema baiti zilizopo sasa hivi, haisemi zilizobaki njiani. Kuna pia kosa la kuita `read(bafa)` mara moja na kudhani bafa imejaa. Inafanya kazi kwenye mashine yako kwa kuwa jibu ni dogo na mtandao ni wa ndani.

Kupakua faili kuna mtego wake. `BodyHandlers.ofFile(njia)` huandika kwenye faili chochote kinachokuja, na ukurasa wa 404 ni chochote. Huko ndiko inakotoka ile ripoti niliyoitaja mwanzo. Kipokezi cha mwili kinapewa namba ya hali kabla baiti ya kwanza haijasomwa, kwa hiyo amueni hapo:

```java
HttpResponse.BodyHandler<Path> kipokezi = habari ->
    habari.statusCode() == 200
        ? BodySubscribers.ofFile(faili)
        : BodySubscribers.replacing(null);
```

Ikiwa hali si 200, mwili unatupwa na `body()` inarudisha `null`. Bado pakueni kwenye jina la muda, kisha mlihamishe kwa `Files.move` likishakamilika, maana muunganisho unaweza kukatika katikati na kuacha nusu ya faili yenye jina kamili.

Jambo dogo kuhusu gzip, njia ya kubana data: `HttpClient` haifungui mwili uliobanwa. Ukiweka mwenyewe heda ya `Accept-Encoding: gzip`, ni juu yako kuangalia `Content-Encoding` ya jibu na kupitisha mkondo kwenye `GZIPInputStream`. Wengi hunakili heda zote kutoka kwenye kivinjari, hiyo ikiwemo, kisha wanashangaa JSON imekuwa takataka. Wakinakili na `Host` au `Content-Length`, watapata `IllegalArgumentException`, kwa sababu hizo Java huziweka yenyewe.

Na anwani: kila thamani inayotoka kwa mtumiaji isimbwe kabla ya kuingia kwenye anwani. `URLEncoder.encode(thamani, StandardCharsets.UTF_8)` inafaa kwa sehemu iliyo baada ya alama ya kuuliza. Haifai kwa njia, kwa kuwa inageuza nafasi kuwa `+`, na ndani ya njia `+` ni `+` tu; panahitajika `%20`.

Sasa tuhamie upande wa seva, kwa ufupi zaidi, kwa kuwa makosa ya huko yanafanana.

Sevleti (klasi ya Java inayojibu maombi ya HTTP) moja huhudumia thredi nyingi kwa wakati mmoja. Taarifa za ombi zikiwekwa kwenye sehemu ya klasi, mtumiaji mmoja ataona za mwenzake. Ziwe ndani ya methodi. Usimbaji wa ombi uwekwe kwa `setCharacterEncoding("UTF-8")` kabla ya `getParameter` ya kwanza. Baada ya hapo wito huo hauna athari. Na ukishaita `getParameter` kwenye POST ya fomu, mwili umesomwa. Wito wa `getInputStream()` utakuta patupu. Mara nyingi mkosaji ni kichujio (msimbo unaopitiwa na ombi kabla ya sevleti) kilichoandikwa na mtu mwingine ambacho kiliita `getParameter` ili kiandike logi.

Kwenye jibu, mpangilio ni hali, heda, kisha mwili. Baiti za kwanza zikishaondoka, jibu limefungwa: `setHeader` inapuuzwa kimya, na `sendError` inarusha `IllegalStateException`. Bafa ya Tomcat (seva inayoendesha sevleti) kwa kawaida ni KB 8, na hii inazaa kosa la kuchosha. Orodha fupi ikiharibika katikati, mtumiaji anapata 500 kama inavyopaswa. Orodha ndefu ikiharibika mahali palepale, anapata 200 na JSON iliyokatika. Andaeni data yote kabla ya kuanza kuandika. Na baada ya `sendError` au `sendRedirect`, wekeni `return`. Methodi hizo haziisimamishi yako.

Urefu wa mwili huhesabiwa kwa baiti. Chukueni neno ng’ombe lililoandikwa kwa ile alama iliyopinda, U+2019. Lina herufi 7 kwa hesabu ya `length()`, lakini katika UTF-8 ni baiti 9, kwa kuwa alama hiyo peke yake hula baiti 3. Ukitangaza `Content-Length` ya 7, msomaji anapokea "ng’om" na kukaa kimya. Geuza kuwa baiti kwanza, kisha uhesabu hizo.

Mwisho ni majaribio, na hapa hakuna haja ya maktaba kubwa. JDK ina `com.sun.net.httpserver.HttpServer`. Ianzisheni kwenye mlango (port) 0, mfumo utachagua ulio wazi, na mtaupata kwa `getAddress().getPort()`. Kisha iambieni ifanye mabaya: ijibu 503 yenye `Retry-After` ya tarehe, itume HTML yenye 200, itume 204, itume heda kisha ilale sekunde 60 kabla ya mwili, ifunge muunganisho nusu ya njia baada ya kutangaza baiti 1000. Angalizo la matumizi yake: katika `sendResponseHeaders(hali, urefu)`, thamani ya -1 ndiyo inayosema hakuna mwili. 0 inasema urefu haujulikani, na klayenti itasubiri mpaka mkondo ufungwe. Kwa hiyo kwa ile 204 andikeni -1, na kila mara mfunge `exchange`. Kwa POST, seva hiyo ya majaribio ihesabu maombi iliyopokea, na jaribio lidai hesabu iwe 1 hata pale jibu la kwanza lilipopotea.

Asanteni. Maswali sasa.